Kusaka kwa AND, OR na NOT: mwongozo kwa anayetafuta maandishi ya Nyanda za Juu Kusini

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alinifuata mezani maktabani, hapa Mbeya, kompyuta mpakato mkononi na uso umemshuka. Utafiti wake ulihusu viwavijeshi vamizi kwenye mahindi ya wakulima wadogo wa Mbozi. Alichukua kichwa chote cha utafiti, akakigeuza Kiingereza, akakimwaga kama kilivyo kwenye kisanduku cha kutafutia. Kanzidata, yaani hazina ya makala ya mtandaoni, ikamjibu kwamba hakuna kitu. "Shikamoo madam. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuandika jambo hili."

Walioandika ni wengi. Kilichomkwamisha ni kwamba kanzidata nyingi huchukua kila neno unaloandika kuwa sharti. Ukiandika maneno kumi na manne, umeweka masharti kumi na manne, na makala isiyotimiza hata moja tu inabaki nje. Siku ile tulikaa pamoja saa nzima na daftari, tukaanza upya. Nayaandika hapa yote tuliyoyafanya, pamoja na mengine ambayo saa ile haikutosha.

Viunganishi vyenyewe ni vitatu: AND, OR na NOT. Vinaitwa vya Boole, kwa jina la George Boole, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1815 na kufundisha Cork, Ayalandi, hadi alipofariki mwaka 1864. Alionesha kwamba "na", "au" na "si" vinaweza kufanyiwa hesabu kama namba. Kompyuta zilipokuja zikakuta hesabu hiyo iko tayari.

AND inataka vyote viwili viwepo kwenye maandishi yale yale. OR inaridhika na chochote kati ya hivyo. NOT inatupa nje kila chenye neno ulilolikataa. Viandike kwa Kiingereza na kwa herufi kubwa, hata unapotafuta maneno ya Kiswahili, kwa sababu mifumo haitambui NA wala AU. Herufi kubwa si mapambo: PubMed (kanzidata ya makala za afya) na Google Scholar (Google ya makala za kitaaluma) zinazitegemea kujua kwamba "or" yako ni kiunganishi, si neno la kawaida.

"Na" ya mdomoni si AND

Hapa ndipo wengi hujikwaa, na kosa linatoka kwenye lugha yetu yenyewe. Ukija kwangu ukasema, "Naomba vitabu vya chai na kahawa," nitakuletea vya chai na vya kahawa, rundo zima. Hivyo ndivyo mtu anavyoelewa. Mwambie mashine chai AND kahawa, italeta vile tu vinavyozungumzia mazao yote mawili ndani ya jalada moja. Kitabu kizuri cha chai ya Mufindi hutakiona. Kitabu cha kahawa ya Mbinga hutakiona. Ulichokuwa unakitaka kwa mashine kinaitwa OR.

Kwa hiyo kabla ya kuandika AND jiulize: je, makala isiyo na neno hili la pili haina faida kwangu kabisa? Kama bado ingekufaa, usiweke AND.

Panga mafungu kwanza

Zima data. Chukua karatasi. Andika swali lako kwa sentensi moja ya kawaida, kisha lipange kwa mafungu kama mama anavyopanga nyanya sokoni Mwanjelwa: kila fungu na vinavyofanana. Swali la yule mwanafunzi lilitoa mafungu matatu: mdudu, zao, mahali. Maneno kama "athari", "changamoto", "tathmini" na "nafasi ya" tuliyafuta. Hayo ni maneno ya kichwa cha utafiti. Mwandishi mwingine wa jambo hilo hilo hana sababu ya kuyatumia.

Mafungu mawili au matatu yanatosha. Ukifika manne, matokeo huanza kukauka.

Kanuni ya kazi yote ni hii: ndani ya fungu ni OR, kati ya fungu na fungu ni AND.

Kulijaza fungu: hapa ndipo penye kazi

Ninaamini kabisa kwamba kwa anayetafuta maandishi ya huku kwetu, OR ni muhimu kuliko viwili vingine vyote. Miongozo mingi husisitiza AND kwa kuwa imeandikwa kwa watu wanaozama kwenye wingi wa makala. Sisi shida yetu kubwa ni kinyume: maandishi yetu yapo, lakini yamejificha chini ya majina tofauti. Fikiria aina tano za majina.

Kwanza, jina la kila siku na jina la kisayansi. Mahindi kwa Kiingereza cha Uingereza na cha Afrika ni maize, kwa cha Marekani ni corn, na kwa wanasayansi wote ni Zea mays. Fungu la zao likawa:

maize OR corn OR "Zea mays"

Pili, majina ya kisayansi nayo hubadilika. Pareto yetu ya milimani iliandikwa kwa miaka mingi kama Chrysanthemum cinerariaefolium. Leo ni Tanacetum cinerariifolium. Anayetafuta jina jipya peke yake anayaacha nyuma maandishi ya miongo mingi. Na usiandike "pareto" kwenye kanzidata ya Kiingereza, maana utapokelewa na Vilfredo Pareto, mchumi wa Italia. Neno lao ni pyrethrum.

Tatu, mipaka. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa wilaya za Iringa. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Utafiti wa mwaka 2005 uliofanyika Vwawa utasema Mbeya. Kimondo cha Mbozi kiko palepale siku zote, lakini maandishi ya zamani yanakiweka Mbeya na mapya Songwe. Ukirudi nyuma zaidi unakutana na Tanganyika, na kwenye karatasi za Wajerumani Tukuyu inaitwa Neu-Langenburg. Basi fungu la mahali kwa mtu wa Njombe lianze hivi:

Njombe OR Makete OR Ludewa OR Iringa

Jina "Southern Highlands" linahitaji uangalizi wa pekee. Papua Guinea Mpya wana jimbo lenye jina hilo, na Australia nayo ina eneo linaloitwa hivyo. Lifunge daima pamoja na nchi:

("Southern Highlands" AND (Tanzania OR Tanganyika))

Nne, tahajia za wageni. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, anaandikwa Mkwawa, lakini pia Mkwavinyika, na Wajerumani waliandika Quawa. Anayeandika historia ya vita vya Lugalo vya mwaka 1891 kwa kutumia tahajia moja atasoma upande mmoja wa habari. Vivyo hivyo kwa Wanyakyusa: maandishi ya Kijerumani huwaita Konde, na ndugu zao wa upande wa Malawi ni Ngonde.

Mkwawa OR Mkwavinyika OR Quawa

Nyakyusa OR Konde OR Ngonde

Tano, lugha. Vitabu vingi vya Kiswahili kwenye maktaba za vyuo vimepewa vichwa vya mada vya Kiingereza, kwa kuwa maktaba hufuata orodha za mada za Maktaba ya Bunge la Marekani. Kitabu kinachoitwa "Kilimo bora cha maharage" huenda mada yake imesajiliwa kama beans. Tafuta kwa lugha zote mbili:

maharage OR maharagwe OR beans OR "Phaseolus vulgaris"

Kuna wakati huhitaji lolote kati ya haya. Anayetafuta habari za kipunji, yule nyani wa Rungwe na Udzungwa aliyetangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, aandike kipunji tu. Jina lake la kwanza la kisayansi lilikuwa Lophocebus kipunji, mwaka uliofuata likawa Rungwecebus kipunji, lakini neno la wenyeji limebaki ndani ya yote mawili. Neno adimu namna hiyo linajitosheleza.

Kinyota, na kwa nini kinatuangusha

Kinyota (*) hukata neno na kuruhusu mwisho wowote. Farm* huleta farm, farmer, farmers na farming. Kwa pareto kinatuokoa vizuri: cinerari* inakamata tahajia zote mbili nilizotaja.

Lakini kimetengenezwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno. Kiswahili na lugha zetu za milimani hubadilika mwanzoni: mkulima, wakulima, ukulima, kilimo. Mhehe, Wahehe, Kihehe, Uhehe. Mifumo mingi haikubali kinyota mbele ya neno, kwa hiyo *hehe haitakupa chochote. Ukikiweka nyuma, kama kul*, utaletewa kula, kulala na kulea pamoja na kulima. Dawa yake ni kuandika kwa mkono:

mkulima OR wakulima OR ukulima OR kilimo

Hehe OR Wahehe OR Mhehe OR Kihehe OR Uhehe

Inachosha, najua. Iandike mara moja, uihifadhi kwenye simu, uwe unainakili.

Usikate mapema mno. Mbe* haileti Mbeya peke yake, inaleta pia mbegu na mbele. PubMed inadai angalau herufi nne kabla ya kinyota. Google Scholar haitumii kinyota kwa kazi hii kabisa.

Alama za kunukuu

Maneno mawili yanayotembea pamoja yafunge kwa alama za kunukuu: "fall armyworm". Bila hizo mfumo unaweza kukuletea makala yenye fall ukurasa mmoja na armyworm ukurasa mwingine.

Angalia pia alama zenyewe. Word na baadhi ya simu huzigeuza zikawa zilizopinda. Baadhi ya mifumo huzielewa, mingine huzipuuza bila kukuambia, kisha unabaki unashangaa matokeo. Ukinakili mstari kutoka Word, zifute alama na uziandike upya ndani ya kisanduku.

Mabano

Sasa unganisha mafungu. Kila fungu lifunge kwa mabano, kisha weka AND katikati:

("fall armyworm" OR "Spodoptera frugiperda") AND (maize OR corn OR "Zea mays") AND (Mbozi OR Songwe OR Mbeya OR Tanzania)

Mabano si hiari. Chukua mstari huu usio nayo:

Mbeya AND maize OR corn

PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia: itachukua vyenye Mbeya na maize, kisha itaongeza kila kitu chenye corn, pamoja na mashamba yote ya Iowa, Marekani. Web of Science, kanzidata nyingine kubwa, nayo hutanguliza AND kabla ya OR, hivyo itakupeleka kulekule. Scopus, kanzidata ya tatu, hutanguliza OR, kwa hiyo itaelewa ulichokikusudia. Mstari mmoja, majibu mawili tofauti, na hakuna mfumo hata mmoja utakaokwambia umekosea. Ukiweka Mbeya AND (maize OR corn), wote watatu watakuelewa sawasawa. Hesabu mabano yanayofunguliwa na yanayofungwa. Yakipishana, mifumo mingine hukataa na mingine hukisia.

NOT: shika kwa tahadhari

Wanafunzi wanaipenda NOT kwa sababu inapunguza idadi haraka. Mimi huwaomba waiache hadi mwisho, na mara nyingi mwisho ukifika hawaihitaji tena.

Tazama viazi. Mtu wa Njombe au Umalila anatafuta viazi mviringo, anachoshwa na makala za viazi vitamu, anaandika:

potato NOT "sweet potato"

Makosa mawili yanatokea kwa pamoja. Watafiti wengi wa viazi vitamu huliandika jina hilo kwa neno moja, sweetpotato, kwa hiyo makala zao zinapita kama kawaida. Na utafiti mzuri wa kaya za Njombe zinazolima viazi vya aina zote mbili unatupwa, ingawa nusu yake ndiyo aliyoitaka. Huwezi hata kujua kwamba umeupoteza. Badala ya kukataa usichokitaka, taja kwa usahihi unachokitaka:

"Irish potato" OR "Irish potatoes" OR "round potato" OR "round potatoes" OR "Solanum tuberosum"

Ndivyo ilivyokuwa kwa viwavijeshi. Tunao wa aina mbili. Wa Afrika, Spodoptera exempta, wapo tangu zamani na huja kwa makundi. Vamizi, Spodoptera frugiperda, asili yao ni bara la Amerika na walithibitishwa barani Afrika mwaka 2016. Mwanafunzi alitaka kuandika armyworm NOT exempta. Tungepoteza makala zote zinazowalinganisha wadudu hao wawili, na kwake hizo zilikuwa dhahabu, kwa kuwa wakulima wa Mbozi wanawachanganya. Tulichofanya ni kutumia jina kamili la mdudu kama ulivyoona juu, na kuweka kichujio cha mwaka: kuanzia 2016. Kabla ya hapo mdudu huyu hakuwa ameripotiwa Afrika, basi kichujio hicho hakitupi chochote cha kwetu.

Kuna kazi moja ya NOT ninayoipenda kwa dhati. Ukishapitia matokeo ya mstari wako, kisha ukakumbuka jina jingine, usiyasome yote upya. Andika mstari mpya, kisha NOT, kisha mstari wa zamani:

(Nyakyusa OR Konde OR Ngonde) NOT Nyakyusa

Utaona yale tu yaliyoongezwa na Konde na Ngonde. Ukikuta ni takataka, unayaondoa maneno hayo. Ukikuta lulu, unajua umezitoa wapi. Angalia tu kwamba kwenye Scopus kiunganishi hiki huandikwa AND NOT.

Wapi pa kuandika

Katalogi za vyuo vingi nchini zinaendeshwa kwa Koha, programu huria iliyoanzia Nyuzilandi. Kwenye kisanduku cha kawaida, maneno yasiyo na kiunganishi huchukuliwa kana kwamba yana AND katikati. Ukienda kwenye utafutaji wa kina utapata visanduku kadhaa; bofya chaguo zaidi ndipo viunganishi vionekane kando yake. Unaweza pia kutanguliza alama ya sehemu: ti: kwa kichwa cha kitabu, au: kwa mwandishi, su: kwa mada. Hiyo au: ni kifupi cha Kiingereza cha mwandishi, si "au" yetu.

Kumbuka katalogi haisomi ndani ya kitabu. Inajua kichwa, mwandishi, mada na mengine machache. Mstari mrefu wa mafungu matatu unaofaa kwenye kanzidata ya makala, ukiuweka Koha utakuletea sifuri. Kwa katalogi tumia fungu moja, mawili ukizidisha, na mahali paandike kwa upana: Tanzania, si kata.

AJOL, yaani African Journals Online, ina majarida mengi ya Afrika ambayo kanzidata kubwa hazinayo, na inakubali AND, OR, NOT, mabano, alama za kunukuu na kinyota. Kwa afya anza na PubMed. Hiyo huongeza yenyewe visawe vya magonjwa na dawa, ila vijiji na wilaya zetu lazima uzitaje mwenyewe. Kwa kilimo kuna AGRIS ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ya bure kabisa. Muulize mkutubi wako pia kama chuo kimejiandikisha Research4Life, mpango unaozifungulia taasisi makala za kitaaluma. Humo Hinari ni ya afya na AGORA ya kilimo, na nenosiri hutolewa kwa taasisi, si kwa mtu mmoja mmoja.

Google Scholar hupunguza mambo: AND haina haja kuiandika, OR inafanya kazi, na badala ya NOT weka alama ya kutoa iliyogusana na neno, kama -exempta. Mstari wako usizidi herufi 256, kwa hiyo mafungu marefu yagawe mara mbili. Na hata ikikwambia imepata makumi ya maelfu, haitakuonesha zaidi ya 1,000.

Baada ya kubofya

Usianze kupakua. Soma vichwa ishirini vya kwanza na ikisiri zake, yaani muhtasari wa kila makala. Kama vingi havihusiani, kuna neno moja ndani ya fungu linalovuta uchafu; yaondoe maneno moja moja mpaka umpate mkosaji. Kama ni vichache mno, ongeza majina ndani ya fungu kabla ya kuondoa fungu zima, na la mwisho kuondolewa liwe lile linalobeba swali lako. Mara nyingi la kwanza kulegeza ni mahali: toka Mbozi nenda mkoa, toka mkoa nenda nchi.

Ukipata makala moja nzuri, itumie. Tazama mwandishi ametumia maneno gani kwenye maneno muhimu chini ya ikisiri. Huko ndiko yule mwanafunzi alikopata kifupi FAW, ambacho watafiti hukitumia badala ya fall armyworm. Peke yake FAW huleta mengine yasiyohusu wadudu, lakini ndani ya fungu la mdudu, likiwa limefungwa kwa AND na mahindi, lilitulia.

Kila mstari uliotumia uandike daftarini: tarehe, kanzidata, mstari wenyewe herufi kwa herufi, kichujio, idadi ya matokeo. Msimamizi wa tasnifu atakuuliza uliyapataje, na sura ya mbinu itahitaji jibu hilo. Daftari la yule binti lilikuwa na mistari sita tulipomaliza, mitatu imekatwa kwa kalamu nyekundu. Wiki tatu baadaye alirudi, akanakili ule wa mwisho, akaweka kichujio cha mwaka huu peke yake, na kwa bando la siku moja akawa amesoma yote yaliyokuwa mapya.